Kubandika ejingi kwenye plaiwudi kwa pasi ya nyumbani, na isibanduke

Mwaka jana nilimtengenezea mteja mmoja wa Mbagala stendi ya TV, nikapiga ejingi, yani ule mkanda wa kufunika pembeni mwa bodi ulipokata, ikakaa poa kabisa, nikapewa mpaka soda. Miezi miwili haijaisha simu inaita, "fundi hebu njoo uone huo mkanda wako, unaning'inia kama ulimi wa mbwa." Nikaenda. Kweli bwana, mlango wa kushoto mkanda umeachia kama nusu mita, nikaushika nikavuta kidogo tu ukaja wote bila ubishi, nageuza nyuma naona gundi yote ipo palepale imebeba unga wa mbao kama andazi lililoviringishwa kwenye sukari. Yani gundi ilishika vumbi, mbao haikuiona kabisa. Na nakumbuka siku ile nilikuwa na haraka, nimetoka kukata nikapaka gundi hapohapo.

Kwahiyo haya ninayoandika hapa mengi nimeyalipia kwa kurudia kazi bure na nauli yangu mwenyewe. Kama una plaiwudi nyumbani unataka kujitengenezea shelfu, meza ya mtoto ya kusomea au stendi ya TV, fuata hivi, huhitaji mashine, pasi ya nguo inatosha.

Kwanza ujue unafunika nini. Plaiwudi ni karatasi za mbao zimegandishwa moja juu ya nyingine, nyuzi za hii zinaenda urefu, inayofuata zinaenda upana, ndo maana haipindi ovyo kama ubao wa kawaida. Usoni iko safi, shida ni pembeni ulipokata, pale unaona matabaka yote, yale ambayo nyuzi zake zimekatwa vichwa yanakunywa maji kama sponji, mtu akideki sakafu kila siku na shelfu imekaa chini baada ya muda matabaka yanaanza kuachana. Afu hizi za kwetu nyingi zinazotoka viwanda vya Mafinga ni za paini na mkaratusi, ni nzuri kwa bei yake ila ukikata unaweza kukuta ndani kuna nafasi wazi, tabaka moja halikufika likaacha kishimo, mende anapita kama anaingia kwake. Kwahiyo ejingi sio urembo tu.

Mkanda upi ununue

Kama plaiwudi yako ni ya mbao tupu na utaipiga vanishi, tafuta mkanda wa vinia, yani ngozi nyembamba ya mbao halisi ambayo nyuma yake imeshapakwa gundi ngumu inayoyeyuka kwa joto, huu ndo wa pasi na ndo rahisi kuliko yote kwa mtu anayeanza. Kama plaiwudi yako imevalishwa rangi au ile ngozi ya plastiki, chukua mkanda wa PVC, yani wa plastiki, wa rangi hiyohiyo. PVC ziko za unene tofauti, milimita 0.4 mpaka 2. Nyembamba unaweza kuipiga pasi kama imekuja na gundi nyuma, lakini ile ya milimita 2 usijisumbue nayo na pasi, joto halipenyi vizuri mpaka likifika kwenye gundi plastiki imeshajikunja, hiyo ni ya mashine, au gundi ya kontakti (nitaieleza huko mbele) na mkono wenye subira. Siku hizi kuna karakana zinakukatia bodi na kupiga ejingi kwa mashine unalipia kwa mita, kama una kazi kubwa kama makabati ya jiko zima hebu peleka huko tu, usijitie ushujaa.

Upana: plaiwudi ya milimita 18 mkanda wake ni wa 22. Hizo 4 zinazobaki ndo nafasi yako ya kukosea, mbili juu mbili chini. Usinunue wa 18 kwenye bodi ya 18 eti ndo saizi yake, hutaulenga hata siku moja.

Dukani uvunje kipande kidogo uangalie. Mkanda wa zamani uliokaa juani au juu ya shelfu la bati gundi yake inakuwa imekufa, ukiukunja gundi inapasuka na kumwagika kama magamba. Kuna duka moja waliniuzia roli la namna hiyo nzima, nikapiga pasi mpaka mbao ikaanza kunukia na mkanda unateleza tu. Nikarudi wakaniambia vikishanunuliwa havirudishwi. Sasa kabla sijalipa naomba nijaribu sentimita kumi, akikataa naenda kwa jirani yake.

Mita ngapi? Twende na stendi ya TV ya urefu mita 1.4, kina sentimita 40, ina milango miwili ya 40 kwa 40. Bodi ya juu inaonekana mbele na pembeni mbili, hiyo ni 1.4 na 0.4 na 0.4, jumla 2.2. Ya chini mbele tu, 1.4. Mbavu mbili na kigawanyo cha katikati mbele tu, 0.4 mara tatu, 1.2. Milango inazungushwa yote, 1.6 kila mmoja, 3.2. Jumla mita 8. Sasa hivyo ni vipande 15 na kila kipande unakiacha kirefu zaidi kwa sentimita 4 hivi, tayari ushaongeza sentimita 60, afu lazima kuna kimoja utakiunguza. Nunua mita 10. Nyuma ukutani na kule kunakojificha hupigi mkanda ila usiache uchi, pitisha vanishi au rangi mara mbili ili maji yasiingie.

Kitu ambacho wengi wanasahau, unene wa mkanda unaongeza saizi. Vinia ya nusu milimita haina neno, lakini ukitumia PVC ya milimita 2 mlango wa 400 inabidi ukate 396, mbili kila upande, la sivyo milango miwili ikikutana katikati inasukumana na utaishia kulaumu bawaba.

Kukata

Ukingo uliokatwa vibaya hauna dawa, mkanda mwembamba unaonyesha kila bonde. Plaiwudi inachanika ngozi ya juu pale meno ya msumeno yanapotokea, kwahiyo kama unatumia msumeno wa umeme wa kushika mkononi weka uso mzuri chini, kama ni msumeno wa meza weka uso mzuri juu. Tumia bleid yenye meno mengi, ile ya kuchana mbao yenye meno machache makubwa itakuharibia. Kabla ya kukata bandika maskingi tepu juu ya mstari, afu chora huo mstari kwa kisu kikali ukiegemea rula ya chuma, unakata ile ngozi ya kwanza kabla msumeno haujafika. Inachukua dakika mbili zaidi na utofauti utauona kwa macho. Kama huna msumeno wa umeme, wanaouza mbao wengi wana mashine, wape vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi na usimame hapohapo, usiende kunywa chai.

Kuandaa ukingo, hapa ndo kazi yenyewe

Chukua bodi uibane wima, kama huna jiliwa ibane katikati ya magoti au iegemeze kwenye kona ya ukuta mtoto akushikie. Weka msasa namba 120 kwenye kibao kilichonyooka, usishike msasa kwa vidole vitupu, vidole vinafuata mabonde na vinaviringisha kona, na kona ikishaviringika mkanda hautagusa pembeni, utabaki na mstari mweusi wa uchafu maisha yote. Piga msasa kwa urefu mpaka alama za msumeno zipotee. Weka skwea ya seremala, ile ya nyuzi 90, uangalie kama ukingo umesimama wima na uso. Kama mwanga unapita chini yake rudia.

Mashimo ya ndani usiyafunike hivihivi ukategemea mkanda utayaficha. Mkanda ukipita juu ya shimo hapo hauna kitu cha kushika, siku mtoto atasukuma na kidole utaona kishimo kimetokea. Chukua gundi nyeupe ya mbao, changanya na unga laini wa msumeno mpaka iwe kama ugali laini, shindilia kwa kisu, acha pajae kidogo juu kwasababu ikikauka inanywea, kesho yake piga msasa usawa. Ni kesho yake kweli, sio baada ya saa moja, kwa hewa ya Dar hasa kipindi cha masika kile cha Machi mpaka Mei hiyo gundi inachelewa sana.

Ukishamaliza msasa ndo unakuja kwenye kosa langu la Mbagala. Futa vumbi. Brashi kavu kwanza, afu kitambaa kilicholowa kidogo sana na kukamuliwa, subiri pakauke. Pitisha kidole ukiangalie, kidole kikitoka cheupe bado. Usipulize kwa mdomo, unatema mate humohumo.

Kupiga pasi

Washa pasi weka kwenye alama ya pamba, na kama ni ya mvuke mwaga maji yote, mvuke uzime kabisa maana unyevu ndo adui wa hii kazi. Kwa PVC nyembamba shusha joto mpaka katikati, anza chini upandishe taratibu, ukianza juu itajikunja kama karanga inayokaangwa. Jaribu kwanza kwenye kipande cha taka. Tena chukua pasi ambayo mama watoto hana haja nayo, gundi inavuja pembeni inaganda kwenye kitako cha pasi na Jumapili asubuhi shati jeupe la mtu litakutolea ushahidi. Au weka kipande cha kitambaa chembamba cha pamba katikati, ila joto litachelewa kidogo.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, nimeshatumia pasi ya mkaa, inafanya kazi tena inashika joto vizuri, ila ina moto kuliko unavyodhani na majivu yanadondoka kwenye ukingo uliousafisha kwa taabu. Toa mkaa nusu, weka kitambaa, na usisimame sehemu moja.

Kata kipande kirefu kuliko ukingo kwa sentimita 2 kila upande. Kilaze, hakikisha kinazidi sawa juu na chini, afu kishike kwa kidole upande mmoja na pasi uweke kwenye mwanzo. Ipeleke taratibu sana, pasi ikae kila sehemu sekunde mbili tatu, ukisikia kidogo mkanda umelainika na pembeni unaona gundi inachungulia kama jasho basi imeyeyuka. Enda kwa sentimita 30 hivi, simamisha pasi pembeni, chukua kibao chako kingine safi cha mbao na sugua kwa nguvu mbele na nyuma ukiegemea, sugua mpaka papoe. Hapa watu wengi wanakosea, wanadhani pasi ndo inabandika. Pasi inayeyusha tu, kinachobandika ni kule kukandamiza wakati gundi inapoa na kuganda, ukiyeyusha ukaacha inaganda ikiwa imejiinua na hapo ndo mapovu yanapotoka. Kipande kimoja kikubwa cha mita 1.4 mimi nakigawa mara tano, yeyusha, sugua, yeyusha, sugua, mkono mmoja pasi mwingine kibao.

Ukimaliza acha ipoe kabisa, afu gonga kwa kucha urefu wote ukisikiliza. Palipogandana panatoa sauti ngumu, palipo na hewa panasikika kavu kama karatasi. Rudisha pasi hapo, uzuri wa hii gundi inayeyuka tena na tena. Hata ukibandika kombo, pasha ubandue uanze upya.

Kama mkanda wako wa vinia umekuja bila gundi nyuma kuna ujanja wa zamani. Paka gundi nyeupe nyuma ya mkanda na kwenye ukingo, acha vyote vikauke mpaka visishike mkono, ukingo upake mara mbili kwasababu ule wa kwanza unanyweka wote, afu bandika kwa pasi kama kawaida. Gundi nyeupe ikishakauka nayo inalainika kwa joto na kushikana. Haina harufu, unaweza kufanyia hata sebuleni.

Gundi ya kontakti

Hii ni ile ya njano yenye harufu kali, mafundi viatu nao ndo yao. Inashika kweli kweli na ndo ya kutumia kwa PVC nene isiyo na gundi. Lakini kwanza, fungua madirisha yote na kazi yote ya moto iishe, jiko, sigara, pasi, hata ya jirani anayekaanga chipsi mlangoni kwako, mvuke wa hii gundi unashika moto. Usiwe na kopo lake wazi huku pasi inawaka, chagua moja.

Unapaka pande zote mbili, mkanda na mbao, nyembamba na sawa, tumia kipande cha plastiki ngumu au kadi ya zamani kuisambaza. Kwenye ukingo wa plaiwudi paka mara ya kwanza uache ikauke, itanyweka, paka mara ya pili. Hii mara ya pili ndo wengi wanaibania kuokoa gundi na ndo mkanda unarudi. Subiri dakika 10 mpaka 15, siku ya mvua zaidi, gusa kwa mgongo wa kidole, ikivuta nyuzi bado, ikiwa inanata kidogo bila kuja na kidole basi tayari. Sasa sikiliza, ikigusana imegusana, hakuna cha samahani nisogeze kidogo. Kwahiyo anza upande mmoja, mkanda ushike mbali na ukingo kwa mkono wa pili kama unavyoshika utepe wa zawadi, ulaze taratibu ukiulenga kwa kidole gumba pande zote mbili. Ukimaliza weka kibao juu na gonga kwa nyundo urefu mzima. Kwa hii gundi nguvu ya kukandamiza ndo muhimu, hata ukisubiri wiki bila kukandamiza ni bure.

Uchafu wa gundi uliobaki usoni usugue kwa kidole unatoka kama vifutio vya shule, kilichobaki ndo kitambaa chenye thina kidogo, na ujaribu kwanza kwenye kipande cha taka kwasababu thina nyingine inaifubaza PVC au kuiyeyusha.

Upande upi uanze

Kwenye mlango bandika juu na chini kwanza, kata, laini, afu ndo uje na pembeni mbili ndefu ili zifunike vichwa vya zile za kwanza. Mtu akisimama mbele au pembeni haoni kiungo, kiungo kiko juu na chini kule asikochungulia mtu. Kwenye bodi ya juu ya stendi piga pembeni mbili fupi kwanza, ya mbele iwe ya mwisho. Ukigeuza huo mpangilio utaona vichwa vyote vimekaa mbele kwenye macho ya wageni.

Kukata kilichozidi

Subiri ipoe. Nasema tena subiri, ukikata gundi ikiwa moto kisu kinavuta mkanda na gundi inajaa kwenye makali.

Anza na vile vichwa vya mwisho. Geuza bodi, mkanda uangalie chini juu ya ubao wa taka, kata kwa kisu kikali kutokea ndani ukiegemea ukingo wa bodi, pitisha mara mbili tatu taratibu, usivunje kwa mkono maana inachana kuingia ndani.

Afu pande ndefu. Blade mpya, ya zamani ukisema bado inakata unajidanganya, blade ni kitu cha bei ndogo na mkanda ulioharibika sio. Laza kisu kikiwa kimeinama kidogo kuelekea nje, kata kwa urefu, ukiacha kama nusu milimita hivi, usitake kumaliza kwa kisu. Kwa vinia angalia nyuzi zinaelekea wapi. Ukiona kisu kinaanza kuvutwa kuingia ndani kwenye bodi simama hapohapo, nyuzi zinakupeleka shimoni, zunguka uanze kutoka upande wa pili ukielekea ulipoachia. Hii peke yake imeniokolea milango mingi.

Ile nusu milimita iliyobaki malizia kwa tupa bapa. Shika tupa ikiwa imeinama kidogo, na kila msukumo uwe wa kushuka, kutoka juu ya mkanda kuelekea kwenye mbao, unabonyeza mkanda kwenye bodi huku unakata. Rudisha tupa ukiwa umeiinua. Ukivuta kwenda juu unaubandua mwenyewe kwa mkono wako. Utaona mstari mwembamba wa gundi unatokea afu unapotea, hapo umefika, acha, ukiendelea unakula ngozi ya plaiwudi yenyewe ambayo ni nyembamba kuliko unavyodhani, ukishaona rangi nyingine ya tabaka la chini ndo basi.

Malizia na msasa 180 afu 240 kwenye kibao, kona ivunje kidogo tu, pitisha mara mbili kwa nyuzi 45, ili isikate mkono na vanishi ishike. Kona kali kabisa vanishi inaikimbia. Kwa PVC msasa hutumii, kwangua kwa ubapa wa kisu.

Vanishi au sila piga mapema, siku hiyohiyo au kesho yake, na ile njia ya kiungo cha mkanda na bodi ipitie brashi kwa makusudi, hapo ndo maji yanapoanzia safari.

Kama ni meza itakayogongwa

Meza ya watoto, kaunta ya duka, kitanda, hivi mkanda mwembamba hautavumilia, kiti kinagonga kila siku. Hapa pasua vijiti vya mbao ngumu, mninga au mkongo, unene milimita 6 na upana uzidi kidogo unene wa bodi, hii tunaita lipingi. Kumbuka kutoa milimita 6 kila upande unapokata bodi, jumla 12. Paka gundi nyeupe ukingoni mara mbili, weka kijiti, na kama huna klempu za kutosha bandika vipande vya maskingi tepu kila sentimita 10, vuta kwa nguvu kutoka uso wa juu kupita kwenye kijiti mpaka uso wa chini, utashangaa inavyobana. Wengine wanapiga vijisumari vidogo wanakata vichwa, mimi sipendi, siku ukipitisha randa inakutana na chuma. Kona zikate 45 kama mkono wako umetulia, kama bado zipishanishe tu, hakuna atakayekucheka. Kesho yake randa iliyonolewa, nyembamba sana, afu msasa. Hii gharama yake ni juu kidogo ila nimeona meza za namna hii zinapita mtoto wa kwanza mpaka wa tatu.

Ikishabanduka

Yule wa Mbagala nilimfanyia hivi. Nilikwangua gundi yote ya zamani mpaka mbao ikaonekana, usibandike juu ya gundi iliyobeba vumbi hata kama inaonekana inanata. Nikapiga msasa, nikafuta, kontakti mara mbili, mkanda mpya, nyundo. Sikumdai hela na nilikunywa soda nyingine.

Kwa povu dogo katikati ya vinia, pasi kwanza. Ikikataa, pasua kwa wembe kufuata nyuzi, ingiza gundi nyeupe kidogo kwa bomba la sindano, futa inayotoka, weka karatasi ya nailoni juu na kibao na uzito, iache ilale hivyo. Kesho msasa kidogo na hakuna atakayejua. PVC iliyovimba kwa kuwa karibu na jiko la gesi hiyo badilisha tu, na usogeze jiko.

Roli lililobaki usilitupe, baada ya mwaka utalihitaji, na rangi hiyo dukani inawezekana haitakuwepo tena. Lizungushe bila kulikunja, funga kwenye mfuko wa nailoni, weka ndani ya kabati lenye kivuli, na uandike kwa peni juu yake ni la samani gani na ulinunua lini.